Ufunguo wa Jina Lako Unatunzwa na Nani?

Neno wingu limepewa kazi mpya katika Kiswahili cha miaka hii, na kwa maoni yangu kazi hiyo haliiwezi. Tunaambiwa kwamba picha zetu zi winguni, barua zetu zi winguni, na sasa, jambo ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu, tunaambiwa kwamba hata ufunguo wa kuthibitisha kuwa mimi ni mimi nawe ni wewe unaweza kutunzwa huko huko winguni. Msemaji wa Kiswahili akisikia wingu huwaza kitu kilicho juu, kisichoshikika, kisicho na mwenyewe, kipitacho na upepo. Wingu linalosemwa hapa ni jengo lenye kompyuta nyingi, lenye mlinzi langoni, lenye bili ya umeme na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Mara nyingi jengo hilo halimo hata katika nchi yetu. Kuweka kitu winguni, basi, ni kukipeleka nyumbani kwa mtu mwingine akutunzie.

Nayaandika haya nikiwa mwalimu wa isimu, wala si fundi wa kompyuta. Hata hivyo kazi yangu imenifikisha mara nyingi katika kaunti za Homa Bay na Migori, nikifuatilia jinsi lugha zinavyopakana na kumezana huko, na sijui sehemu nyingine ya nchi hii inayofunza vizuri zaidi maana ya kumtambua mtu. Simama Oyugis siku ya soko uite "Otieno!" uone ni wangapi watakaogeuka. Otieno ni aliyezaliwa usiku, Okinyi asubuhi, Odhiambo jioni, Okoth wakati wa mvua. Jina linaeleza saa na hali ya kuzaliwa. Halimtengi mtu mmoja na wenzake. Anayemtenga ni jirani, ambaye anamjua babake, ukoo wake, kwao mamake na deni lake dukani. Ukiteremka hadi Isebania utawakuta Wakuria, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa wengine wakawa wa Kenya na wengine wa Tanganyika. Wana ndugu wa damu Sirari na Tarime wanaosema lugha ile ile na kuhesabu koo zile zile. Na visiwani Mfangano na Rusinga wapo Wasuba, ambao wengi wao katika vizazi vichache vilivyopita waliiacha Olusuba wakashika Dholuo, na bado hawakusahau wao ni nani. Karatasi yasema hili, ulimi wasema lile, ukoo wasema jingine, na mtu ni yule yule. Anayekata shauri ni jamii inayomshuhudia.

Serikali, kwa desturi yake, haikutaka ushahidi wa jamii. Ilitaka kitu cha kushikika. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi akapaswa kuwa na kipande. Wazee wetu walikibeba katika kikopo cha chuma shingoni kama mbuzi avaavyo kengele. Ndani mlikuwa na jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za kazi. Nawaomba wasomaji waliangalie jambo moja hapa, maana ndilo kiini cha makala hii. Kipande kilikuwa shingoni mwa mwenyewe, usiku na mchana. Ukitazama juu juu ungesema kilikuwa chake. Lakini mfanyakazi hakuweza kuacha kazi akaenda kwingine mpaka mwajiri amwandikie humo kwamba amemwachilia. Aliyeondoka bila maandishi hayo alikuwa mkosaji mbele ya sheria. Karatasi ilikuwa ya mfanyakazi, sahihi ilikuwa ya bwana wake. Na anayeshika sahihi ndiye anayemshika mtu. Watu wa Nyanza hawakukawia kulitambua hilo. Katika mkutano wa Lundha, huko Gem, tarehe 23 Desemba 1921, ule uliozaa vuguvugu la Piny Owacho, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa.

Sitaki kupoteza wino mwingi juu ya yaliyofuata, kwa kuwa wengi wetu tunayajua. Wanawake walingoja mpaka sheria ya usajili iliporekebishwa mwaka 1978. Mwaka 2019 tulipangwa foleni kwa ajili ya Huduma Namba, na watu wapatao milioni 38 wakaandikishwa kwa muda wa majuma machache. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanywa kwa data ya vinasaba na ya mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zenyewe kwa sababu athari zake kwa siri za watu hazikuwa zimepimwa kwanza kama sheria inavyotaka. Kisha ikaja Maisha Namba. Kila awamu imekuja na ahadi ya kwamba safari hii mwananchi atakuwa na utambulisho wake mwenyewe mkononi. Sasa wapo wanaosema kwamba ahadi hiyo itatimizwa na teknolojia ya blokucheni.

Blokucheni, kwa asiyeijua, ni daftari ambalo nakala zake zimetapakaa katika kompyuta nyingi, kila ukurasa ukiwa umefungwa kwa hesabu na ule uliotangulia, ili asiwepo karani mmoja wa kufuta mstari kwa siri. Ilifahamika kwa watu wengi kupitia sarafu ya Bitcoin, iliyoelezwa kwa maandishi mwaka 2008 na kuanza kazi Januari 2009. Katika daftari hilo mtu hana jina wala kabila wala picha. Ana jozi ya funguo, uvumbuzi ambao msingi wake uliwekwa hadharani na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Ufunguo mmoja hutangazwa, mwingine husitiriwa. Hapa istilahi zetu hutupotosha kidogo. Tunasema ufunguo wa hadhara na ufunguo wa siri, kana kwamba vyote viwili ni vya kufungulia mlango. Katika kazi ya kumtambulisha mtu, ule wa siri ni muhuri; ule wa hadhara ni mfano wa alama ya muhuri huo, uliobandikwa ukutani ili kila apitaye aweze kulinganisha. Mwenye muhuri hugonga, daftari hulinganisha, alama zikiafikiana jambo limepita. Daftari haliulizi muhuri ulikuwa katika mkono wa nani.

Muhuri wenyewe ni namba ndefu isiyokaririka. Utauweka wapi? Wapenzi wa sarafu hizi wana jibu lao, nao hulisema kwa ushupavu wa waumini: kila mtu autunze mwenyewe, maana asiyeshika ufunguo hana mali. Ni jibu la watu wenye makabati. Mwuzaji mmoja wa omena aliniambia ufuoni Mbita kwamba simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya tatu katika miaka miwili. Ya kwanza ilizama ziwani, ya pili iliibwa katika matatu, na katikati ya hizo alikuwa akitia kadi yake ya simu katika simu ya dada yake kila alipotaka kupokea pesa. Mwambie mama huyo kwamba utambulisho wake ni namba iliyomo ndani ya kifaa, kwamba kifaa kikizama naye amezama, na kwamba hakuna ofisi wala mkuu wa eneo wala hakimu awezaye kumrudishia. Atacheka. Tena tusidhani kwamba balaa hili ni la maskini peke yao. Huko Newport, Wales, mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa kompyuta, James Howells, alipoteza kifaa kilichokuwa na funguo za bitcoin zipatazo 8,000, kikaishia katika jaa la taka la mji. Alishindana na halmashauri kwa miaka mingi apewe ruhusa ya kulichimbua, na Januari 2025 mahakama ikamkatalia.

Ndipo likaja wingu. Mashirika yanayounda programu za utambulisho yaliona kwamba watu hawawezi kutunza funguo, yakasema: tuachieni sisi. Katika mpango huu ufunguo wako wa siri hukaa katika seva za shirika, au za kampuni kubwa iliyokodishwa na shirika. Pale kazi inapofanywa kwa uangalifu, ufunguo hufungiwa katika kifaa maalumu ambacho kimeundwa kisiutoe nje kamwe. Huletewa waraka, kikautia sahihi, kikaurudisha. Wewe huhitaji kujua lolote. Simu yako ikizama, unanunua nyingine, unajieleza, unaendelea pale ulipoachia. Sitaki kuubeza mpango huu. Kwa mvuvi, kwa mchimbaji wa dhahabu wa Macalder, kwa mama anayevuka Isebania na gunia la mahindi, ndio pekee unaowezekana kati ya ile iliyo sokoni leo.

Wala si jambo la kubuni. Mfano wetu wa nyumbani uko pwani. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati zao za kubadilishana bidhaa, zikaitwa Bangla-Pesa. Serikali iliwakamata waanzilishi kwa shaka ya kughushi fedha, na miezi michache baadaye mashtaka yakafutwa. Hati zile za karatasi ziligeuka baada ya miaka kadhaa kuwa mfumo uitwao Sarafu, unaoandikwa katika blokucheni na kusimamiwa na shirika la Grassroots Economics. Kati ya Januari 2020 na katikati ya 2021, wakati wa janga la korona, ulikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Wengi wao walikuwa na simu za kawaida za vitufe, simu zisizoweza kubeba ufunguo wa aina hii. Walipiga namba fupi, wakaingiza pini, na seva ya shirika ikatia sahihi kwa niaba yao. Mfumo uliwafaa kununua unga na mboga wakati shilingi zimeadimika, nami nausifu kwa hilo. Lakini tuseme wazi kwamba mbele ya daftari, aliyenunua unga ni seva.

Kwa unga, jambo hilo halina uzito mkubwa. Kwa utambulisho lina uzito wote. Ikiwa sahihi yangu ndiyo itakayosema kwamba nimeuza ng'ombe, nimekubali mkopo, nimepokea dawa, au mimi ndiye mrithi wa shamba la baba yangu kule Ndhiwa, basi anayeweza kuitia sahihi hiyo bila mimi amekuwa mimi. Na wanaoweza ni wengi kuliko tunavyoambiwa. Yupo mwajiriwa wa shirika mwenye ruhusa za juu. Yupo mvamizi wa mbali. Ipo serikali yenye hati ya mahakama, na ipo serikali isiyojisumbua kutafuta hati. Kuna pia kufilisika: soko la bitcoin la Mt. Gox, huko Tokyo, lilifunga milango Februari 2014 likitangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 zimepotea, nyingi zikiwa za wateja waliokuwa wameliachia funguo, na waliodai walingoja miaka kumi hivi ndipo wakaanza kulipwa sehemu ya walichopoteza. Mtu anaweza kungoja fedha miaka kumi. Sijui atangoja vipi jina lake.

Kuna tundu jingine ambalo wauzaji wa wingu hulipita haraka. Ufunguo ukiwa umefungiwa kwenye jengo imara ng'ambo, ni nini kinachoufungulia jengo hilo? Ni pini ya tarakimu nne, au ujumbe mfupi unaotumwa kwenye laini yako ya simu. Basi nguvu yote ya hesabu za Diffie na Hellman imening'inizwa kwenye kadi ya simu. Nchi hii inawajua vyema matapeli wanaohamisha laini za watu: hupiga simu kwa sauti ya adabu, huomba namba ya kitambulisho, na kabla jua halijatua laini ya mtu imo katika simu nyingine. Na laini hiyo ilisajiliwa kwa kutumia nini? Kwa kitambulisho. Kitambulisho kipya kinaegemea ufunguo, ufunguo unaegemea laini, laini inaegemea kitambulisho cha zamani. Ni kama watu watatu walevi walioegemeana njiani. Aidha, vijijini pini si siri kama wataalamu wa jijini wanavyodhani. Bibi asiyesoma humpa mjukuu wake, au humtajia wakala, kwa sababu namba hizo hazisomeki kwake. Anafanya hivyo kwa kumwamini mtu, na kumwamini mtu ndio usalama alioujua maisha yake yote.

Kiswahili kina neno la uhusiano huu, nalo halihusiani na anga. Ni amana. Mswahili wa zamani aliyesafiri kwa jahazi aliacha mali yake kwa jirani au kwa mtu mwadilifu, na kuanzia hapo kulikuwa na mipaka inayoeleweka na wote: mwenye kupewa amana haitumii, haikopeshi, haichanganyi na yake, na huirudisha pale anapodaiwa. Akiitumia amefanya hiana, na hiana ni neno zito kuliko wizi, kwa kuwa mwizi hukuaminiana naye. Laiti watafsiri wa programu hizi wangeandika "ufunguo wako umewekwa amana kwa kampuni fulani, katika nchi fulani" mahali wanapoandika "ufunguo wako uko salama winguni", nusu ya hoja yangu ingekuwa imekwisha. Msomaji angeuliza papo hapo: fulani huyu ni nani, na nitamdai wapi? Neno wingu limemwondolea swali hilo mdomoni. Tazama pia neno sahihi. Lugha yetu hulitumia kwa alama ya mkono wa mtu na kwa jambo lililo kweli, na sidhani hiyo ni bahati tu. Sahihi iliyotiwa na seva bila mwenyewe kujua italipita daftari la blokucheni pasipo tatizo lolote. Kwa Kiswahili, sahihi hiyo si sahihi.

Je, tumebaki na kuzama au kutawaliwa? La. Jawabu limo kwenye sanduku la chuma ambalo ukienda Rongo, Kendu Bay au Awendo, siku ya mkutano wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, utalikuta katikati ya duara. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake tatu hushikwa na wanachama watatu, na mtunza sanduku, anayelilaza nyumbani kwake, hana ufunguo hata mmoja. Mtindo huu ulienezwa Afrika na shirika la CARE, lililouanzisha nchini Niger mwaka 1991, lakini umekuwa wetu kiasi kwamba ukiwauliza akina mama wa Rongo umetoka wapi watakushangaa. Fikiri umahiri wake. Hakuna anayedai kwamba mtunza sanduku ni malaika. Hakuna pia anayemwambia kila mwanachama akalale na fedha zake chini ya mto. Uaminifu umegawanywa vipande, na kila kipande peke yake hakifai kitu.

Wanahesabu walifika hapo hapo kwa njia yao. Adi Shamir, mmoja wa wale watatu walioupa ulimwengu mfumo wa RSA, alionyesha mwaka 1979 kwamba siri inaweza kugawanywa, tuseme, vipande vitano, ili vitatu vyovyote vikikutana siri ionekane, na mwenye viwili asijue chochote kabisa, hata robo yake. Mbinu za baadaye zimekwenda mbele zaidi: wenye vipande huweza kutia sahihi pamoja bila ufunguo mzima kuwahi kukusanyika mahali pamoja. Na hapa hesabu imelipita sanduku, maana sanduku la Rongo hudai funguo zote tatu. Mshika ufunguo mmoja akienda matangani, kikundi hungoja, au humtuma mtoto kuuchukua ufunguo, na usalama wote ukawa umekwenda na mtoto. Vitatu kati ya vitano huondoa adha hiyo. Mama wa Mbita anaweza kuwa na kipande kimoja katika simu yake, kingine kikawa kwa shirika winguni, na vingine vikawa kwa dada yake, kwa kikundi chake, na kwa mtu wa kanisani au msikitini anayemwamini. Simu ikizama, vilivyobaki vinatosha kumrudishia ufunguo wake. Shirika likigeuka, kipande chake kimoja hakigongi muhuri wowote. Wingu linabaki, kwa sababu linafaa. Limenyang'anywa tu uwezo wa kuwa mtu.

Nakubali kwamba si mteremko. Vikundi hugombana. Katika fuo za Homa Bay, ambako wanawake wamelazimishwa kwa miaka mingi na desturi ya jaboya kumpa mvuvi miili yao ndipo wapate samaki, mtu hawezi kusema "wape jamaa zako vipande" bila kuuliza jamaa hao wana nguvu gani juu yake. Mume anaweza kuvidai vyote. Ndiyo maana mgawanyo wapaswa kuwa chaguo la mwenyewe, usijulikane na watu wengine, na uweze kubadilishwa pasipo kuomba ruhusa ya yeyote kati ya walioupewa. Programu za kufanya hivyo zaweza kuundwa. Kinachokosekana ni wa kuzidai.

Kuna msomaji anayeniuliza, na ana haki: mvuvi wa Sena, kisiwani Mfangano, ana shida gani na blokucheni? Huenda hana yoyote. Mimi siiuzi teknolojia hii, na kwa kazi nyingi zinazotajwa naona kwamba karani mwaminifu na daftari lenye jalada gumu wangetosha. Lakini mvuvi huyo hakuulizwa alipopangwa foleni ya Huduma Namba, wala ndugu zake wa Migingo, kisiwa tunachokihesabu katika kaunti ya Migori na ambacho Uganda nayo inakidai, hawaulizwi ni karatasi gani wangependa kuonyeshwa na askari. Mambo haya huamuliwa Nairobi na ng'ambo, kisha hutufikia kama fomu. Mwaka 2023 vijana wa Nairobi walipanga mistari mirefu kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa malipo ya sarafu zilizokadiriwa kuwa za thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Mahakama iliamua vyema. Ila iliamua baada ya foleni.

Kufuta kwenyewe ni jambo la kuzingatiwa, maana blokucheni haifuti. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya virusi vya Ukimwi nchini. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi hivyo, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito. Watetezi wa haki wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linakiuka Katiba. Hebu fikiria kama orodha ile ingekuwa imeandikwa katika daftari lisilofutika. Hukumu ya jaji ingekuwa ushairi mtupu. Kwa hiyo la kuandikwa humo liwe alama ya muhuri peke yake. Habari za mtu, yaani ugonjwa wake, ukoo wake na mboni zake, zibaki mahali ambapo amri ya mahakama inaweza kuzifikia na kuziondoa.

Sheria hatukuikosa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina masharti juu ya data kupelekwa nje ya nchi, na sheria ya mali pepe iliyotiwa sahihi Oktoba 2025 imezipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji uwezo wa kutoa leseni kwa wanaotoa huduma hizo, wakiwemo wanaotunza mali za wengine. Swali langu kwa wanaoandika kanuni ni la mwalimu wa lugha: mkataba wa amana hiyo utasomwa kwa lugha gani? Nimeona masharti ya programu yenye kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe kimoja cha Kiswahili kilichoandikwa "Nakubali". Mama aliyekibonyeza amekubali nini? Tafsiri ya Kiswahili, ya Dholuo na ya Kikuria haina gharama ya kutisha ikilinganishwa na fedha zinazomwagwa katika uzinduzi wa miradi hii hotelini. Itaje jina la mtunzaji, nchi ya jengo lake, idadi ya vipande, na njia ya kudai.

Limebaki jambo moja ambalo sijalisikia katika kongamano lolote, na ndilo ambalo wazee wa Karachuonyo wangeanza nalo. Mtu akifa, ufunguo wake ni wa nani? Mshika ufunguo wa sanduku akifariki, kikundi hukutana, humchagua mwingine, na ufunguo usipopatikana hutafutwa msumeno, kufuli ikakatwa mbele ya wote na kuhesabiwa kilichomo. Katika blokucheni hakuna msumeno. Wajane wa sehemu hizi wamenyang'anywa mashamba kwa karatasi zilizokuwa katika jina la mume peke yake, ilhali watu wazima kijijini walijua nani aliyelima. Ikiwa muhuri wa marehemu umo winguni, utakuwa wa kampuni mpaka mahakama ya Nairobi iseme vinginevyo. Ikiwa umo katika simu, utakuwa wa shemeji aliyewahi kuichukua simu kitandani. Fomu ya kugawanya vipande, itakapoandikwa, iwe na nafasi ya kuandika jina la atakayechukua baada ya kifo, na ijazwe mtu akiwa hai, na mkewe akiwa chumbani humo.